Maisha na Mtindo wa Nicolas Poussin: Uchoraji kama Maandishi ya Kusomwa

IKISIRI

Makala haya yanachunguza maisha na mtindo wa Nicolas Poussin (1594–1665), mchoraji Mfaransa anayehesabiwa kuwa nguzo ya urasimi katika uchoraji wa Ulaya wa karne ya 17. Hoja kuu ni kwamba utulivu, mpangilio na kiasi vinavyoutambulisha mtindo wake si kanuni alizorithi tu kutoka kwa Wagiriki na Warumi wa kale. Vilevile ni zao la namna alivyochagua kuishi na kufanya kazi: peke yake, kwa picha za ukubwa wa wastani, na kwa ajili ya watazamaji wachache walio tayari kuitazama picha kama msomaji anavyokisoma kitabu. Makala yanaeleza kwanza mkondo wa maisha yake, kisha yanachambua vipengele vya mtindo wake kwa kurejelea kazi mahususi, na mwishowe yanajadili shutuma kwamba sanaa yake ni baridi na haina hisia.

1.0 Utangulizi

Urasimi katika sanaa ni mwelekeo unaozichukua kazi za Ugiriki na Roma ya kale kuwa kielelezo cha ubora, na unaosisitiza umoja wa kazi, uwiano wa sehemu zake na nafasi ya akili katika kuongoza hisia. Katika tamthilia ya Kifaransa, mwelekeo huu huhusishwa na watunzi kama vile Corneille na Racine. Katika uchoraji, jina linalotangulia ni la Poussin.

Hata hivyo, kuna jambo linalostaajabisha katika nafasi hiyo aliyopewa. Mtu aliyekuja kufanywa kigezo cha uchoraji wa Kifaransa aliishi Roma karibu maisha yake yote tangu alipofikisha umri wa miaka 30. Alipoitwa na mfalme wake kwenda kumtumikia Paris, alikaa huko chini ya miaka miwili, akaondoka na asirudi tena. Kwa hiyo, swali linaloongoza makala haya ni hili: kuna uhusiano gani kati ya kukataa huko na aina ya picha alizochora? Kulijibu swali hilo kunahitaji kuyatazama maisha na mtindo kwa pamoja, kwa kuwa kila kimoja kinakifafanua kingine.

2.0 Maisha ya Poussin

2.1 Kutoka Normandy hadi Roma

Poussin alizaliwa Juni 1594 karibu na mji mdogo wa Les Andelys, katika jimbo la Normandy, kaskazini mwa Ufaransa. Familia yake haikuwa tajiri, lakini alipata elimu iliyomwezesha kusoma Kilatini. Mnamo mwaka 1612, mchoraji Quentin Varin alikuwa akichora picha za altare kwa ajili ya kanisa la mji huo. Kazi hiyo ilimwamsha kijana Poussin, ambaye muda mfupi baadaye alikwenda Paris kutafuta mafunzo.

Huko Paris alipita katika karakana za wachoraji mbalimbali bila kudumu katika yoyote. Kilichomfunza zaidi ni nakala zilizochapwa za kazi za Raphael na Giulio Romano, ambazo alizitazama na kuziiga. Kazi hizo zilimwonesha kwamba kisima alichokuwa akikitafuta kilikuwa Italia. Alijaribu mara mbili kwenda Roma na mara zote mbili safari ilikatika njiani. Mwaka 1622 aliwachorea Wajesuiti wa Paris picha sita za kuadhimisha kutangazwa watakatifu kwa Ignasi wa Loyola na Fransisko Ksaveri. Picha hizo zilimvutia mshairi Mwitalia Giambattista Marino, ambaye alimwomba amchoree michoro yenye visa kutoka katika Metamorphoses ya Ovid. Ni kwa msaada wa Marino kwamba Poussin hatimaye aliingia Roma mwaka 1624.

2.2 Miaka ya Mwanzo Roma

Mwanzo wa maisha yake Roma ulikuwa mgumu. Marino aliondoka kwenda Naples na kufariki mwaka 1625. Mwaka huohuo Kadinali Francesco Barberini, mpwa wa Papa Urban VIII, ambaye alitarajiwa kuwa mfadhili wake, alitumwa nje kwa shughuli za kidiplomasia. Poussin alibaki bila mlezi na aliuza picha zake kwa bei ya chini ili aishi.

Kadinali aliporudi, hali ilibadilika. Alimwagiza Poussin picha iliyokuja kuitwa Kifo cha Germanicus (1627–1628), na mwaka 1628 Poussin akapewa kazi ya kuchora Mauaji ya Mtakatifu Erasmus kwa ajili ya altare moja katika Kanisa la Mtakatifu Petro. Kwa mchoraji mgeni, hiyo ilikuwa heshima kubwa. Hata hivyo, picha hiyo yenye urefu wa zaidi ya mita tatu haikumfungulia mlango wa kazi nyingine za hadharani za namna hiyo. Katika kipindi hichohicho aliugua sana na kuuguzwa katika nyumba ya Jacques Dughet, mpishi Mfaransa aliyeishi Roma. Mwaka 1630 alimwoa Anne-Marie, binti wa nyumba hiyo. Hawakujaliwa watoto, lakini shemeji yake, Gaspard Dughet, alifunzwa naye na kuwa mchoraji mashuhuri wa mandhari.

Kuanzia hapo Poussin aliacha kushindania kazi kubwa za makanisa. Alijielekeza kwa wateja binafsi, hasa Cassiano dal Pozzo, katibu wa Kadinali Barberini na msomi aliyekusanya maelfu ya michoro ya mabaki ya kale, mimea na wanyama. Katika nyumba ya msomi huyo alipata vitabu, mijadala na kumbukumbu za sanaa ya kale. Ni kwa ajili yake pia kwamba alichora mfululizo wa kwanza wa Sakramenti Saba.

2.3 Wito wa Paris

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1630, sifa zake zilikuwa zimefika kwa Mfalme Louis XIII na waziri wake mkuu, Kadinali Richelieu. Walitaka arudi kuipamba Ufaransa. Poussin alisitasita kwa muda mrefu, hadi Paul Fréart de Chantelou alipotumwa Roma kumchukua. Aliwasili Paris Desemba 1640, na mwaka uliofuata akatajwa kuwa mchoraji wa kwanza wa mfalme.

Cheo hicho kilikuja na mzigo. Alitakiwa kupamba Ukumbi Mkuu wa Louvre, wenye urefu wa zaidi ya mita 400, kwa visa vya Hercules. Alitakiwa pia kuchora picha za altare, mapambo ya dari kwa ajili ya Richelieu, na kurasa za mbele za vitabu vya kiwanda cha uchapaji cha mfalme. Kazi za namna hiyo zilihitaji kundi la wasaidizi na msimamizi wa kuwagawia majukumu, ilhali Poussin alizoea kuikamilisha kila picha kwa mkono wake mwenyewe. Zaidi ya hayo, wachoraji na wasanifu waliomtangulia katika utumishi wa mfalme, miongoni mwao Simon Vouet, hawakufurahia ujio wake. Katika barua zake za wakati huo analalamika kwamba anaharakishwa na kutawanywa katika mambo mengi, hata hapati nafasi ya kufikiri.

Mwaka 1642 aliomba ruhusa ya kwenda Roma kumchukua mke wake, akaondoka. Richelieu alifariki Desemba mwaka huo, na mfalme mwenyewe akafariki Mei 1643. Hakuwapo tena mtu wa kumshurutisha, na Poussin hakurudi.

2.4 Kurejea Roma na Miaka ya Mwisho

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mavuno. Wateja wake walikuwa hasa Wafaransa wa tabaka la kati: Chantelou, ambaye alikuwa mtumishi wa serikali, Pointel aliyejishughulisha na fedha, na wafanyabiashara wa hariri wa Lyon. Waliagiza kwa barua, wakasubiri kwa miezi au hata miaka, na kupokea picha iliyokamilika. Poussin aliishi kwa utaratibu: alifanya kazi asubuhi, akatembea jioni akizungumza na marafiki. Bellori, aliyeandika wasifu wake, anasimulia kwamba Camillo Massimi alipomwonea huruma kwa kukosa hata mtumishi mmoja wa kumwangazia njia usiku, Poussin alimjibu kuwa yeye ndiye anayemwonea huruma Massimi kwa kuwa nao wengi.

Mkono wake ulianza kutetemeka, na katika miaka ya mwisho mistari yake ilipoteza uthabiti. Hata hivyo, katika hali hiyo alikamilisha Majira Manne kati ya mwaka 1660 na 1664. Mke wake alifariki mwaka 1664. Yeye mwenyewe alifariki Novemba 19, 1665, na kuzikwa katika kanisa la San Lorenzo in Lucina, Roma.

3.0 Mtindo wa Poussin

3.1 Namna ya Kufanya Kazi

Kabla ya kugusa turubai, Poussin alisoma kwanza kisa alichokusudia kukichora, kisha akachora michoro ya haraka ya kupanga makundi ya watu. Baada ya hapo alitengeneza sanamu ndogo za nta, akazivika vitambaa vyepesi vilivyoloweshwa, na kuzisimamisha ndani ya sanduku lililofungwa, lenye matundu ya kuingizia mwanga. Kwa kuchungulia kupitia tundu dogo upande wa mbele, aliona namna mwanga unavyoanguka na vivuli vinavyokaa. Alizisogeza sanamu hizo mpaka kila moja ipate mahali pake.

Utaratibu huu unaeleza sifa mbili za picha zake. Kwanza, watu wake husimama kama waigizaji jukwaani, kila mmoja katika nafasi inayopimika. Pili, miili yao ina ugumu fulani unaokumbusha sanamu za marumaru. Hiki ndicho chanzo cha sifa yake na cha shutuma dhidi yake pia.

3.2 Picha kama Maandishi

Mwaka 1639, alipokuwa akimpelekea Chantelou picha ya Waisraeli Wakiokota Mana, Poussin alimwandikia akimwomba aisome hadithi na picha kwa pamoja, ili apime iwapo kila kitu katika picha kinaafikiana na kisa. Kauli hiyo ndiyo ufunguo wa mtindo wake. Kwake, mwendo wa mwili na sura ya uso ni kama herufi: zikiunganishwa kwa mpangilio sahihi zinatoa maana.

Picha yenyewe inathibitisha jambo hilo. Upande wa kushoto wapo watu ambao bado wamo katika njaa, akiwamo mwanamke anayemnyonyesha mama yake mzee huku mtoto wake mwenyewe akilia kando. Mtu aliyesimama karibu nao anawatazama kwa mshangao, na kwa njia hiyo anamfundisha mtazamaji namna ya kuwatazama. Upande wa kulia mana imekwisha kuonekana: vijana wawili wanaigombania na wengine wanaikusanya. Katikati, nyuma kidogo, Musa na Haruni wanawaelekeza watu kwenye asili ya baraka hiyo. Hivyo, jicho linaposafiri kutoka kushoto kwenda kulia, linapita katika dhiki, mshangao, pupa na shukrani. Picha isiyosogea imepewa mwendo wa wakati.

Mbinu hiyo inaonekana pia katika Kifo cha Germanicus. Jemadari huyo wa Kirumi, aliyeaminiwa kuwa ameuawa kwa sumu, amelala kitandani. Askari wake wamejipanga upande mmoja, mmoja wao akiinua mkono kuapa kulipa kisasi. Upande wa pili, mke wake Agrippina amekaa akiwa ameuficha uso. Waandishi wa kale walimsifu Timanthes kwa kuufunika uso wa Agamemnon, kwa kuwa huzuni ya baba anayemtoa binti yake sadaka haichoreki. Poussin aliichukua mbinu hiyo akijua kwamba uso usioonekana unaweza kusema zaidi ya uso unaolia.

3.3 Nadharia ya Namna

Mnamo mwaka 1647, Chantelou alilalamika kwamba picha ya Musa akiopolewa mtoni, aliyokuwa amechorewa Pointel, ilikuwa na mvuto zaidi kuliko Sakramenti alizokuwa akichorewa yeye. Aliona huo ni ushahidi kwamba Poussin anampenda Pointel zaidi. Katika barua ya Novemba 24 mwaka huo, Poussin alimjibu kwamba tofauti hiyo inatokana na mada na si na mapenzi. Alieleza kuwa Wagiriki wa kale walikuwa na namna mbalimbali za muziki, na kila namna iliamsha hali yake moyoni: namna ya Doriani ilifaa mambo mazito na ya hekima, ya Frigia ilifaa mambo ya ukali, ya Lidia ilifaa maombolezo, na ya Ionia ilifaa furaha na ngoma.

Wasomi wa baadaye walibaini kwamba maelezo hayo yalichotwa kwa sehemu kubwa kutoka kwa Gioseffo Zarlino, mwananadharia wa muziki wa Venice. Hata hivyo, uzito wake haupungui. Kama mtunzi wa mashairi anavyochagua bahari inayolingana na ujumbe wake, ndivyo mchoraji anavyopaswa kuchagua rangi, mwanga na mwendo wa miili kulingana na kisa. Ndiyo maana katika Mpako wa Wagonjwa, uliomo katika mfululizo wa pili wa Sakramenti Saba (1644–1648), chumba kina giza na waliokizunguka kitanda wamejipanga kama watu waliochongwa ukutani mwa kaburi la kale. Kukosa uchangamfu katika picha hiyo kulikusudiwa.

3.4 Kutoka Mshtuko hadi Tafakuri

Mabadiliko ya mtindo wake yanadhihirika anapokirudia kisa kimoja. Katika picha ya kwanza ya Wachungaji wa Arcadia, ya miaka ya 1620, wachungaji wanalikimbilia kaburi lililowekewa fuvu juu yake. Miili yao imeinama mbele kwa mshtuko, na maandishi ya Kilatini kaburini yanadokeza kuwa hata katika nchi ile ya raha kifo kipo. Katika picha ya pili, iliyochorwa takriban miaka kumi baadaye, fuvu limeondolewa. Kaburi limewekwa katikati, likimkabili mtazamaji, na wachungaji watatu wamelizunguka kwa utulivu pamoja na mwanamke aliyesimama wima. Mmoja wao anazifuata herufi kwa kidole, na kivuli cha mkono wake kinaanguka juu ya jiwe.

Hofu imegeuka kuwa kusoma. Mchungaji anayeyafuata maandishi kwa kidole anafanya kile ambacho Poussin alimtaka Chantelou akifanye: kusimama na kusoma. Huzuni haijatoweka, bali imehamishwa kutoka katika miili ya wachungaji kwenda katika fikra ya mtazamaji.

3.5 Mandhari na Misiba ya Wanadamu

Kuanzia mwaka 1648, mandhari ilichukua nafasi kubwa katika kazi zake. Katika mojawapo ya picha za mwaka huo, maiti ya Phocion, jemadari mwadilifu aliyehukumiwa kifo na Waathene wenzake, inachukuliwa na watu wawili kwenda nje ya mji. Nyuma yao nchi imetulia, majengo yamesimama kwa uwiano, na watu wanaendelea na shughuli zao. Utulivu huo unaumiza, kwa kuwa dhuluma imetendeka na dunia haijatikisika.

Mandhari yenye Mtu Aliyeuawa na Nyoka, ya mwaka huohuo, inaichambua hofu kwa hatua. Mtu aliyekufa amezongwa na nyoka kando ya maji. Mwanamume mmoja anaiona maiti na kukimbia. Mwanamke aliye mbali kidogo haioni maiti, lakini anamwona anayekimbia, naye anashtuka. Wavuvi walio mbali zaidi hawana habari. Hofu inapungua kadiri umbali unavyoongezeka.

Kilele cha mwelekeo huu ni Majira Manne. Kila majira yameunganishwa na kisa cha Biblia: Adamu na Hawa katika bustani, Ruthu na Boazi katika mavuno, wapelelezi waliobeba kichala cha zabibu, na Gharika. Katika picha ya Gharika, rangi karibu zote zimezimika. Mashua inapinduka, na mtoto anapokezwa kutoka mashuani kwenda mwambani, huku nyoka akitambaa juu ya jiwe. Mkono uliotetemeka haukuweza tena kuchora mistari mikali ya awali, lakini hapa ulegevu wa brashi umekuwa sehemu ya ujumbe.

4.0 Mjadala Kuhusu Kazi Zake

Mwaka 1648 palianzishwa Paris Chuo cha Kifalme cha Uchoraji na Uchongaji. Chini ya Charles Le Brun, aliyekuwa amesafiri na Poussin kwenda Roma mwaka 1642, kazi za Poussin zilifanywa kuwa vielelezo vya kufundishia. Mwaka 1667 Le Brun alitoa mhadhara kuhusu picha ya mana. Palitolewa pingamizi kwamba picha hiyo inatofautiana na maandiko, kwa kuwa Waisraeli walikuwa wameshapata kware jioni iliyotangulia na hivyo hawakupaswa kuonekana wenye njaa. Le Brun alijibu kwamba mchoraji, tofauti na mwandishi, ana tukio moja tu la kuonesha, hivyo hana budi kuyaunganisha yaliyotangulia na yaliyofuata ili kisa kieleweke.

Baadaye uliibuka mgogoro kati ya waliomfuata Poussin, walioutanguliza mchoro, na waliomfuata Rubens, walioitanguliza rangi. Mgogoro huo ulikuwa na athari mbaya kwa sifa za Poussin, kwani ulimfanya aonekane mtu wa kanuni tupu, na shutuma ya ubaridi ikamwandama. Uchambuzi uliotangulia unaonesha kwamba shutuma hiyo inachanganya kukosa hisia na kuzidhibiti hisia. Mama mzee anayenyonyeshwa na bintiye, uso wa Agrippina uliofichwa na mtoto anayeokolewa katika Gharika si kazi za mtu asiyeguswa. Ni kazi za mtu aliyeamini kwamba hisia iliyopangwa hudumu kuliko hisia iliyomwagwa. Aidha, mwaka wake wa mwisho, Poussin aliufafanua uchoraji kuwa ni kuiga, kwa mistari na rangi juu ya eneo bapa, vyote vilivyo chini ya jua, na kwamba lengo lake ni furaha. Mtu wa kanuni tupu asingelitaja furaha kuwa lengo.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba maisha ya Poussin na mtindo wake vinashikamana. Picha inayodai kusomwa polepole haiwezi kuchorwa kwa haraka, wala haiwezi kugawanywa miongoni mwa wasaidizi ili kujaza ukumbi wa mita 400. Kwa hiyo, kuondoka kwake Paris kulikuwa sharti la kazi yake kuwapo: Sakramenti za Chantelou, picha ya Phocion na Majira Manne zote zilichorwa baada ya kurejea Roma. Chuo cha Paris kilizirithi kanuni zake, lakini mazingira yaliyozizaa yalibaki katika chumba cha Roma, ambamo mtu mmoja alisogeza sanamu za nta ndani ya sanduku mpaka mwanga uzikae sawasawa. Anayetaka kumwelewa Poussin atafanya vyema kuanzia hapo, kwa kuitazama picha moja kwa muda mrefu kama yeye mwenyewe alivyoomba.